Kilo 17 za Baridi Isiyokuwepo

Hapa Nakuru unaweza kung'oa mlango wa mpangaji aliyelala na kodi, na watu wakapita zao wakisema ndiyo maisha. Unaweza kung'oa ua la jirani, kisiki cha mjakaranda, hata jino la mbele, usiulizwe neno. Lakini jaribu kutangaza kwamba unang'oa kiyoyozi cha gari lako mwenyewe, ulilonunua kwa pesa zako mwenyewe, uone mtaa mzima utakavyogeuka kikao cha wazee. Mimi yamenikuta. Nimesemwa kuliko mtu aliyeuza shamba la marehemu babake.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya 1991, ile ambayo taa zake hulala ndani ya boneti mchana na kufumbua macho giza likiingia. Waliokulia hapa miaka ya 90 hawahitaji kuelezwa. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, ikarudi kushinda 1990, kisha kuanzia 1992 hadi 1995 ikawa haishikiki. Ushindi wa 1994 ulikuwa wetu kabisa, maana usukanini alikuwa Ian Duncan, Mkenya. Pasaka ya siku hizo tulikuwa tunaisherehekea kando ya barabara, tukila vumbi na kupigia makofi vumbi. Yangu haina turbo wala haisukumi magurudumu yote manne kama zile za mashindano, lakini sura ni ileile. Mtu wa rika langu akipata sura tu, hushukuru.

Wala usiniambie niiuze ninunue nyingine. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo dada yake Celica hii hatashuka tena bandarini Mombasa. Iliyopo ndiyo iliyopo. Spea zake nazitafuta Grogan kule Nairobi, kwa wauzaji wanaonitazama kwa huruma kabla ya kutaja bei isiyo na huruma.

Sasa sikiliza kesi yangu. Kompresa ya kiyoyozi ilianza kulia. Haikuwa inafanya kazi, kulia tu. Ukiwasha injini asubuhi inatoa mlio mwembamba wa kukwaruza, mbwa wa mtaa wanaitikia, na mama wa nyumba ya pili anafungua dirisha kuangalia nani anachinjwa. Fundi wangu aliweka sikio kwenye mpini wa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye kompresa, akafumba macho mithili ya daktari.

"Mzee," akasema, "hiyo ni beringi ya puli. Imekufa."

"Lakini eisi yenyewe haijafanya kazi tangu nilinunue gari."

"Eisi ilikufa. Lakini puli bado inazunguka. Siku ikishika, inakata mkanda."

Kwa msomaji asiyefungua boneti, acha nieleze, kwa sababu hapa ndipo wote walionilaumu walipokataa kusikia. Kompresa ya kiyoyozi ina klachi ya sumaku. Ukizima kiyoyozi, tumbo la kompresa linapumzika, lakini puli ya mbele inaendelea kuzunguka bure juu ya beringi yake maadamu injini inanguruma. Na kwenye injini hii, mkanda unaoizungusha puli hiyo ndio huohuo unaozungusha altaneta inayochaji betri. Kwa hiyo kifaa kisichonipa hata upepo wa kupoza uji kilikuwa na uwezo wa kunizimia taa zote usiku wa manane kati ya Salgaa na Sachangwan, malori yakishuka nyuma yangu. Mtu mzima mwenye watoto anasubiri nini tena? Nikamwambia fundi: ng'oa.

Huo ndio uamuzi uliozua kelele zote.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kumiliki gari lakini ana maoni kuhusu kila gari. "Bwana," akaniambia, "gari bila eisi lina tofauti gani na matatu?" Nikamjibu tofauti ni kwamba kwenye langu hakuna anayemkalia mwenzake mapajani. Hakucheka. Akaondoka akitikisa kichwa, na kufikia jioni habari zilikuwa zimefika kanisani.

Wa pili ni broka wa magari, mmoja wa wale wanaokaa kando ya barabara na funguo ambazo si zao. Huyu alizunguka gari langu mara mbili kabla ya kutoa hukumu.

"Mzee, ukitoa eisi umeharibu bei."

"Haifanyi kazi."

"Najua haifanyi kazi. Lakini ipo."

Ningependa maneno hayo yachongwe kwenye lango la kuingilia Nakuru. Haifanyi kazi, lakini ipo. Ndivyo tunavyoishi. Tuna bomba la maji jikoni ambalo halijatoa tone, lakini lipo. Tuna taa za barabarani zisizowaka, lakini zipo. Ukithubutu kusema basi tuliondoe bomba tuweke rafu ya sufuria, unaonekana adui wa maendeleo.

Na tuulizane kweli bila kuoneana haya: nani katika mji huu anatumia kiyoyozi? Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana linachoma kidogo, ndiyo, lakini ukisimama chini ya mti unaanza kutafuta koti. Usiku watu wanalala chini ya blanketi mbili. Juu ya hayo, kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya nishati inatangaza bei ya mafuta, na nchi nzima inakaa kimya kama inayosubiri matokeo ya mtihani. Mwaka 2023 petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, nilishuhudia waheshimiwa wakiendesha magari ya mamilioni kwenye Kenyatta Avenue madirisha yamefungwa, kiyoyozi kimezimwa, jasho likiwateremka mpaka kwenye tai. Dirisha likifunguliwa watu watajua. Bora kuiva polepole ndani ya heshima.

Halafu kuna mke wangu. Yeye hakuzungumzia heshima. Alizungumzia jiografia.

"Baba watoto, na tukienda kwetu?"

Kwao ni Marigat. Nakiri kwamba hiyo ni hoja. Ukitoka Nakuru kuelekea kaskazini barabara inateremka bila kuonekana inateremka. Unapita Mogotio, unavuka mstari wa ikweta, na ukifika Marigat umeshuka karibu mita 800. Huko jua halina mzaha. Mbuzi wanagombea kivuli cha nguzo za stima. Mkwe ukishuka garini shati limeshikana na mgongo, wazee wanakutazama wanafikiri umekuja na deni.

Lakini nilimkumbusha mama watoto kwamba huko kwao tumekuwa tukienda miaka yote na kiyoyozi hichohicho kilichokufa, na hatukuwahi kufika tukitetemeka. Kinachobadilika ni nini? Akasema: "Kinachobadilika ni kwamba sasa hakutakuwa na tumaini." Nilikosa jibu, nikatoka nje kuangalia tairi.

Kabla msomaji hajaniuliza kwa nini sikukitengeneza, nitamjibu. Gari la mwaka huo lilitoka kiwandani na gesi ya R12, ile ambayo mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 ipunguzwe kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi kama yetu zilipewa hadi mwanzoni mwa 2010 kuachana nayo. Ukitaka kuhamia R134a inabidi umwage mafuta ya zamani ya kompresa uweke ya aina nyingine, ubadilishe mipira midogo kwenye kila kiungio, uweke kikaushio kipya, na kwangu mimi kompresa nzima. Fundi wa gesi alinipigia hesabu kwenye ganda la betri. Bei ile ingelipa mahari ya heshima, na salio la soda.

Aliyenikera zaidi lakini si aliyepinga. Ni aliyeniunga mkono. Kijana wa mtaani mwenye Subaru inayotoa mlio wa bahari alikuja mbio aliposikia. Vijana hawa, tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kambi yake ikiwa Naivasha, wamepata wazimu mpya. Wiki ya mashindano wanajazana Soysambu na kule Sleeping Warrior karibu na Elmenteita, wakirudi kila mmoja ni dereva.

"Buda, umeamua kupunguza uzito! Safi sana. Sasa toa na kiti cha nyuma."

Nikamwuliza nikitoa kiti cha nyuma, mama mkwe atakaa wapi. Akasema magari ya mashindano hayana kiyoyozi, hewa yanapata kwa tundu la paani. Kweli. Lakini madereva wale wanalipwa, na hawabebi kuku.

Tena nikamfanyia hesabu, kwa sababu vijana wa siku hizi wanajua jina la kila turbo lakini hawajui kugawanya. Injini yoyote isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kila ukipanda mita 100, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Celica yangu ilitoka Japani na farasi 160 hivi. Kwa kimo cha Nakuru, karibu 30 kati yao hawako. Walishuka melini Mombasa, wakaona miinuko ya Mazeras, wakakataa kupanda. Ukienda nayo Timboroa wengine wanarudi nyumbani. Sasa wewe ambaye milima imekuibia farasi 30, unashangilia kuondoa kilo chache za mabomba? Kijana akasema lakini kila kilo ina maana. Nikatazama tumbo langu, nikaona mazungumzo yanaelekea pabaya, nikamuaga.

Kazi yenyewe ilifanyika chini ya turubai la fundi. Kwanza ilibidi kuhakikisha hamna gesi ndani. Gesi ya kiyoyozi haiachiliwi hewani, inanyonywa kwa mashine na kufungiwa kwenye mtungi. Na ikikurukia mkononi inaunguza kwa baridi. Fundi alifunika uso kwa shati, akabonyeza kipini cha vali kwa bisibisi. Haikutoka hata pumzi. Iliyokuwemo ilishakwenda zake miaka mingi, labda wakati wa mwenyewe wa zamani, yule aliyeniapia kwamba eisi inataka kuongezwa gesi tu.

Kisha akafungua boliti nne za kompresa kwa chini, amelala juu ya katoni, mafuta meusi yenye rangi ya kijani kwa mbali yakimdondokea kwenye kiwiko. Ilitoka nzito kuliko inavyoonekana. Baada yake kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta mithili ya wavu. Tulipoiinua tulikuta historia ya Bonde la Ufa: panzi, mabawa ya kumbikumbi, ganda la mbegu ya mkakaya, vumbi la Naivasha lililokauka kuwa plasta, na nyuma yake rejeta iliyokuwa haijaona upepo wa moja kwa moja tangu iundwe. Tangu siku hiyo mshale wa joto hautetereki nikipanda Sachangwan. Hilo peke yake lilistahili makofi, lakini mwalimu mstaafu alikuwa amesimama pale pembeni na hakupiga.

Evapareta ndiyo ilitusumbua. Inakaa nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi mbele ya abiria. Fundi alitaka kutupa kitu kizima. Nikakataa, kwa sababu feni ikisukuma hewa, hewa inapita humo kwenda kwenye hita; ukiacha pengo, upepo wote unaishia magotini. Basi akatoa kiini tu, gamba la plastiki akalirudisha likiwa tupu. Matundu mawili ya mabomba kwenye ukuta wa injini akayaziba kwa vipande vya tyubu ya tairi ya lori, akavikaza na gundi. Ni kazi safi. Hata panya hapiti.

Ikabaki altaneta kukosa mkanda, maana ule wa zamani sasa ulikuwa mrefu, unaning'inia. Dukani ukiuliza mkanda wa Celica wanakupa uleule mrefu. Fundi akachukua uzi wa gunia, akauzungusha kwenye puli zilizobaki, akaukata, akauweka mfukoni na kwenda kuupima kwenye mikanda iliyotundikwa ukutani mpaka akapata unaolingana. Ulitoka kwenye gari gani hatukuuliza. Una mifereji sawa na haupigi kelele. Niliwasha injini, mbwa wakanyamaza, mama wa nyumba ya pili hakufungua dirisha.

Yaliyong'olewa niliyapeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kompresa, kondensa, mabomba, mabano, kikaushio na boliti zake, vyote juu ya mizani: kilo 17. Kwenye gari la zaidi ya tani moja, hiyo ni kama asilimia moja na nusu. Akanilipa, bei ya aluminiamu mbali, bei ya chuma mbali, na pesa zote zikatosha chai na mandazi ya watu wawili. Fundi alikunywa ya kwake na nusu ya yangu.

Wiki hiyohiyo tulipita Molo. Mke wangu akaona viazi. Gunia la kilo 50, maana ndicho kipimo kanuni za mwaka 2019 zinachoruhusu, likaingia nyuma kwenye buti, na karoti juu yake, na kabichi ambazo hakuna aliyezipima. Kijana wa Subaru alitupita akapunga mkono. Sijui alidhani ninajaribu mwendo. Sehemu ya nyuma ilikuwa imeinama, taa za mbele zinamulika matawi.

Katika wote walionisema, mmoja tu alisema jambo la akili, na hakuwa na gari wala shahada. Ni dereva wa lori anayekwenda Eldoret na kurudi. Alisema: "Mzee, eisi si ya joto. Eisi ni ya kioo." Ana haki. Kiyoyozi hukausha hewa, kwa sababu unyevu unageuka maji juu ya evapareta yenye baridi na kudondoka chini ya gari. Ndiyo yale maji watu huyaona kwenye maegesho wakadhani rejeta inavuja. Huko Mau Summit, mvua ikinyesha na ukungu umelala barabarani, abiria wanne wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo kinakuwa cheupe ghafla na lori la mbele linatoweka. Mwenye kiyoyozi kizima anabonyeza na kioo kinatakata. Yeyote mwenye kiyoyozi kizima anayesafiri njia hiyo, akiache palepale kilipo.

Changu kilikuwa maiti. Maiti haikaushi kioo. Ninachotumia ni hita, ambayo kwenye Celica inachoma mpaka viatu, upepo wote nikauelekeza kwenye kioo, na madirisha mawili nimeyateremsha kidole kimoja hewa ipite. Kioo kinatakata. Mama watoto analalamika kwamba miguu inaungua na sikio linaganda kwa wakati mmoja, nami namwambia hiyo ndiyo hali ya hewa ya Bonde la Ufa, mtalii anailipia.

Kitufe nimekiacha kwenye dashibodi. Fundi hakugusa nyaya za ndani, kwa hiyo ukikibonyeza kataa kake ka kijani bado kanawaka. Juzi mwalimu mstaafu aliomba lifti ya Njoro. Tulipoanza kupanda, akakibonyeza bila kuniuliza, akaegemea kiti, dirisha langu likiwa wazi kidole kimoja. Baada ya muda akasema, "Unaona sasa? Ulifanya vizuri kuirudisha." Akafunga kola ya shati.

Broka naye amerudi. Akachungulia ndani, akauliza, "Eisi iko?" Nikamjibu ukweli mtupu: kitufe kiko. Akakibonyeza, kakawaka, akaridhika, akapandisha bei aliyoishusha. Mimi lakini siuzi. Na anayetaka baridi ya kweli, baridi isiyo na gesi wala mkanda, barabara ya Molo iko wazi. Aje na sweta, na gunia la viazi abebe kwenye gari lake mwenyewe.